Gari la spoti la zamani lenye kutu: injini kuwaka sio kigezo

Kuna hii imani ya miaka mingi hapa Dar, eti gari la spoti la kizamani hata likiwa limeoza vipi, ilimradi injini inawaka basi ni zima, kutu ni kazi ya puti (ile plasta ya kuziba bodi) na rangi tu. Hapana jamani. Injini inashushwa, inafunguliwa, inarudi. Chukua Datsun 240Z, ile iliyobeba Safari Rally 1971 na 1973, au MGB ya Muingereza: hizi hazina chesesi (fremu ya chuma ya chini) ya peke yake kama Land Rover za zamani, bodi ndo chesesi yenyewe, kwahiyo bati la chini ya mlango likioza hapo sio urembo tena, bodi nzima inakosa uimara.

Na lililolala Msasani miaka na chumvi ya bahari ile, juu unaona rangi imevimba kidogo, ndani hamna bati. Nenda na sumaku, isiponata hapo kuna puti. Inua kapeti, chokoa sakafu kwa bisibisi, afu piga jeki upande mmoja (usiingie chini yake!) ufungue mlango, ukigoma kufunga bodi inapinda.

Sakafu kutoboka isikutishe, inachomelewa. Zinapofungwa shokapu pakishaliwa, mimi nanunua kama spea tu.