Magisk kwenye simu za Xiaomi: yanayosemwa na yalivyo

Magisk ni programu ya kuruti, yaani kupata mamlaka kamili juu ya mfumo wa simu ya Android.

"Bila kuruti, programu za kiwandani haziondoki."
Zinaondoka. Washa Utatuzi wa USB, unganisha simu na kompyuta yenye zana ya adb, kisha andika `adb shell pm uninstall --user 0` ikifuatiwa na jina la kifurushi. Ukijuta, `adb shell cmd package install-existing` huirudisha. Ila nafasi haitaongezeka sana, kwa kuwa APK (faili la programu) yenyewe inabaki kwenye system, sehemu ya hifadhi yenye mfumo wa simu. Anayekerwa na programu za ziada tu aishie hapa. Kuruti huanza kwa kufungua butiloda (programu inayouwasha mfumo wa simu), na kufungua huko hufuta data yote ya simu.

"Magisk hubadilisha mfumo mzima."
Haiandiki chochote kwenye system. Hutia kiraka faili moja la kuwashia simu: boot.img, au init_boot.img kwa simu nyingi zilizotoka kiwandani na Android 13 kwenda juu. Moduli (nyongeza za Magisk) hukaa `/data/adb/modules`, na simu inapowaka hufunika faili za HyperOS (mfumo wa Xiaomi) bila kuzifuta. Zima moduli, washa simu upya, ya awali yanarudi.

"boot.img yoyote ya modeli hiyo inafaa."
Hapa ndipo simu nyingi hukwama kwenye nembo. Kerneli (kiini cha mfumo) iliyomo ndani ya boot.img lazima ioane na madreva yaliyoko kwenye sehemu ya vendor. Zikipishana, Wi-Fi au sauti hufa, au simu haiwaki kabisa. Nakili namba ya toleo kutoka Kuhusu simu, herufi kwa herufi: MIXM ni Global, EUXM ni Ulaya, INXM ni India. Pakua romu (mfumo kamili wa simu) ya fastboot, hali ya kuandika mfumo kutoka kompyuta, ya toleo hilohilo, chomoa boot.img kwenye folda ya images, ihamishie kwenye simu, uitie kiraka kwa Magisk. Irudishe kompyuta kwa `adb pull`, maana uhamishaji wa MTP (njia ya kawaida ya kunakili kwa kebo) umewahi kuharibu mafaili. Kisha:

`fastboot flash boot magisk_patched.img`

(Kama simu yako ni ya init_boot, andika init_boot badala ya boot kote.) Faili halisi usilifute kamwe. Simu ikigoma, `fastboot flash boot boot.img` huirudisha ilivyokuwa, picha na ujumbe vikiwa salama.

"Moduli ikikwamisha simu, dawa ni kufuta kila kitu."
Jaribu kwanza `adb wait-for-device shell magisk --remove-modules`. Hufanya kazi iwapo kompyuta hiyo ilikwisha kuruhusiwa. La sivyo, washa simu katika hali salama. Magisk huzima moduli zote.

"Nikimaliza nafunga butiloda, programu za benki zikubali."
Usifanye hivyo! Butiloda iliyofungwa hukataa picha isiyo na saini ya Xiaomi, nawe utaona "The system has been destroyed". Rudisha kwanza romu kamili ya kiwandani, ya eneo lilelile ambalo simu ilitengenezewa kuuzwa. Simu ya China yenye romu ya Global ikifungwa, nayo hugoma. Kufunga kwenyewe pia hufuta data.