Acheni blanketi la tatu, tandikeni chini

Jumanne asubuhi nilikuwa Mwaloni nachagua dagaa, simu ikaita kwa namba ya nje. Alikuwa kijana wa hapa hapa Mwanza. Mkewe anasoma Uskoti, naye amekwenda kumtembelea, na wawili hao wakaamua kulala porini kwenye hema, mwezi wa 11, pembeni ya milima ya Cairngorms.

"Shikamoo mzee. Jana hatukupata hata lepe la usingizi. Hii mifuko ya kulalia ni mibovu, haileti joto. Leo tunaongeza blanketi la tatu."

Nikamwuliza chini wametandika nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: turubai.

Nimeongoza watu Kilimanjaro kwa miaka 11 kabla ya kurudi nyumbani kukodisha na kushona mahema pale Kirumba, na jibu hilo la turubai nimelisikia mara nyingi mno. Kwa hiyo leo naandika, ili anayefuata nimtumie maandishi. Baridi inayokunyima usingizi kwenye hema haitoki juu. Inatoka ardhini.

Kwanza tuachane na hili neno "kuleta joto". Mfuko wa kulalia hauleti joto lolote, na blanketi vilevile. Ni kama chupa ya chai: ukitia maji ya baridi yatabaki baridi. Jiko ni mwili wako, mfuko unazuia tu joto lisikimbie. Na kinachozuia si kitambaa wala manyoya yenyewe, ni hewa iliyonaswa katikati ya manyoya. Hewa ikikaa tuli haipitishi joto kirahisi.

Sasa fanya jambo moja. Chukua mfuko wako wa kulalia, uukung'ute mpaka ufure, halafu ubane kwa kidole gumba na cha shahada. Unene uliokuwa kama ngumi unabaki kama khanga iliyokunjwa mara mbili. Hivyo ndivyo mgongo wako unavyoufanya upande wa chini usiku kucha. Bega, nyonga na kisigino vimekamua hewa yote, na kati yako na ardhi ya Uskoti kuna khanga. Hata ukifunikwa blanketi kumi, zote zinalinda tumbo huku mgongo unanyonywa. Tena uzito wa blanketi unaukandamiza mfuko hata kwa juu, hewa inatoka huko nako. Nimeona mtu akiongeza blanketi zito na baridi ikazidi.

Kwa nini watu wa Mwanza tunakosea hapa? Nimelifikiria sana hili. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na baridi tunayoijua ni ule upepo wa ziwani wa mwezi wa 6 na wa 7 unaopita Capri Point alfajiri. Unavaa koti, unaongeza blanketi, yameisha. Lakini angalia unalala juu ya nini: godoro la sponji, inchi sita au nane, limejaa hewa tele. Godoro ndilo linalofanya kazi usiku kucha, blanketi ndilo linalosifiwa. Kisha mtu anafunga safari ya kwenda kulala porini ugenini, godoro analiacha nyumbani, blanketi anabeba.

Wavuvi wa dagaa hawafanyi kosa hili. Nenda Kayenze au Igombe asubuhi wanaporudi kutoka ziwani. Yule aliyechoka haangalii atajifunika nini, anatafuta pa kujilaza kwanza. Anajitupa juu ya rundo la nyavu kavu, koti kifuani, anakoroma. Mwambie alale juu ya jiwe tupu na blanketi mbili uone kama atakubali. Mawe yetu haya mazuri, kabla jua halijatoka, yananyonya joto la mtu mpaka makalio yanakufa ganzi.

Mimi mwenyewe nilijifunzia Barafu, kambi ya Kilimanjaro iliyoko juu ya mita 4,600. Kampuni moja niliyokuwa naifanyia kazi iliwapa wagumu, yaani wapagazi, hema na blanketi, chini hakuna kitu isipokuwa plastiki. Usiku nikasikia meno yanagongana kwenye hema la jikoni. Kijana mdogo, safari yake ya kwanza, kajifunika blanketi mbili mpaka kichwani na anatetemeka mwili mzima. Wenzake wanatafuta cha kumwongezea juu. Mpishi akavuta trei tupu za mayai, zile za karatasi, tukazipanga mbili mbili kuanzia mabegani mpaka magotini, tukakunja na gunia la unga juu yake. Hatukumwongezea kitu juu. Baada ya muda mfupi kutetemeka kulikatika, akalala. Trei za mayai! Kile kishimo cha kila yai ni hewa iliyonaswa. Tangu siku ile sijamruhusu mtu yeyote kulala kwenye hema langu bila kitu chini, na nina hasira mpaka leo kwamba yule mtoto alipandishwa mlimani hivyo.

Sasa lebo ya mfuko wa kulalia, maana kijana wangu alinisomea: "Mzee, imeandikwa sifuri, na hapa ilikuwa nyuzi 2 tu chini ya sifuri." Joto lile linapimwa maabara, kwa kufuata kipimo cha kimataifa cha ISO 23537. Wanachukua sanamu lenye vipasha joto, wanalivalisha nguo ndefu za ndani, wanaliingiza kwenye mfuko, na wanalilaza juu ya matresi, kigodoro cha kambini. Juu ya matresi, narudia. Namba unayoisoma inahesabu kwamba chini umeshatandika. Ukilala kwenye turubai, lebo hiyo haikuhusu. Halafu kuna namba mbili: ya kulala kwa raha, iliyopigiwa hesabu ya mwanamke, na ya mpaka wa mwisho, iliyopigiwa hesabu ya mwanaume aliyejikunyata. Wauzaji wengi huandika ile ya pili kwa herufi kubwa kwa sababu inapendeza. Mke na mume mkienda kununua, someni ile ya raha. Mke wa kijana wangu alikuwa anaumia zaidi yake, naye akadhani mama anadeka.

Matresi ya kambini nayo yana namba, inaitwa R, inaonyesha yanavyozuia joto lisipite. Kubwa ndiyo bora. Yale ya sponji ngumu yanayokunjwa huwa karibu na 2, na kwa ardhi iliyoganda utafute 4 kwenda juu. Uzuri wake ni kwamba zinajumlishwa: ya 2 juu ya ya 2 ni 4. Hakuna haja ya kununua ghali. Godoro la kujaza upepo lisilo na kitu ndani lisikudanganye kwa unene wake, maana hewa inayozunguka humo inabeba joto lako na kulipeleka chini.

Hapa niseme jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Namba ya R inapimwa kati ya sahani mbili bapa, moja ya moto na moja ya baridi. Binadamu si sahani. Mtu anayelala ubavu, uzito wote kwenye nyonga moja, anaibonyeza sponji pale pale anapoihitaji. Kwa hiyo siiamini sana namba hiyo kwa watu wa ubavu, naongeza kipande cha pili cha sponji chini ya nyonga, na sina jedwali la kukuonyesha. Vivyo hivyo ule ushauri wa wenza kuunganisha mifuko miwili iwe mmoja. Kwa maelezo ni joto la watu wawili. Kwa macho yangu, mabega yanaacha uwazi katikati, kila mmoja akigeuka upepo unaingia, na saa nane usiku kila mtu anavuta upande wake. Nawashauri walale kila mtu na wake, wabanane. Wapo wanaounganisha na wakaamka vizuri, siwezi kuwabishia.

Mengine kwa haraka. Msizibe matundu ya hema eti joto lisitoke. Pumzi za watu wawili zinageuka maji kwenye kitambaa, yanadondokea mfuko, na manyoya ya bata yakilowa yanashikana na kupoteza hewa yote. Jiko la mkaa ndani ya hema, hapana, hata la kuota dakika tano. Kaboni monoksaidi haina harufu, unasinzia na huamki, na hapa nyumbani tumezika watu kwa sababu hiyo hiyo. Pombe kali inatanua mishipa ya ngozi, unajisikia moto huku joto linatoka. Mtungi wa gesi ya butani pekee unakataa karibu na sifuri, tafuta uliochanganywa na propani. Chupa ngumu ya maji ya moto katikati ya mapaja ni nzuri sana, ile nyembamba ya maji ya dukani italegea na kukumwagikia. Na sheria: Uskoti wanaruhusu kulala porini kwa sheria yao ya mwaka 2003, ingawa maeneo ya ziwa Loch Lomond yana vibali kuanzia Machi hadi Septemba. Ukivuka kuingia Uingereza yenyewe, sehemu nyingi lazima umwombe mwenye ardhi.

Kijana nilimwambia asinunue chochote cha kujifunika. Aende mjini Aviemore, anunue matresi mawili ya sponji, na dukani aombe maboksi makavu, ayapasue yawe bapa, ayatandike chini ya matresi. Mabegi wakishatoa vitu wayalalie miguuni. Akasema, "Na blanketi tutaziacha tu, mzee?"

Jumatano alinitumia picha ya ndani ya hema. Maboksi, juu yake sponji mbili, mkewe amekaa na kikombe cha chai, kofia kichwani, anacheka. Nikampigia nikamwuliza lile blanketi la tatu liko wapi, silioni.

"Tumelikunja mara nne, mzee. Mama amelikalia."