Mteknolojia Mwandamizi wa maabara ya afya ni nani hasa?

Vijana wanaomaliza diploma huwa wananiuliza, kaka, ukishakuwa Mwandamizi serikalini si ndo umefika? Nawajibu kwenye mshahara umesogea, kwenye benchi, pale tunapopimia sampo, tutaona.

Makaratasi kwanza maana ndo mlango wenyewe. Hapa Tanzania kuna cheti, kuna diploma ambayo ni ngazi ya 6 kwenye NTA, mfumo wa tuzo za ufundi wa taifa, halafu kuna digrii ambayo ukimaliza unapiga intanshipu mwaka mzima, na wote hao bila usajili na leseni hai ya Baraza la Wataalam wa Maabara za Afya hugusi sampo ya mgonjwa, uwe umesoma Muhimbili, Bugando au kokote. Ukiajiriwa unaanzia daraja la II, unapanda la I, Mwandamizi, kisha Mkuu. Ugomvi wangu uko hapo kwenye kupanda, yaani miaka ikitimia na tathmini yako iko poa barua inakuja, hakuna aliyekaa na wewe kwenye mashine akaona unafikiriaje.

Sasa ISO 15189, kile kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, toleo la 2022, cheo chako wala haikiulizi. Inataka maabara iandike sifa za kila nafasi, ipime umahiri wa mtu, halafu impe kibali cha kazi maalum: huyu anapima, huyu anapitia majibu, huyu ndo anayatoa. Kwa hiyo unaweza ukawa Mkuu mzima na hematolojia (vipimo vya chembe za damu) huna ruhusa ya kutoa jibu hata moja, na ni sawa tu, kama miaka yote umekaa stoo unahesabu rijenti (kemikali za kupimia).

Nikupe mfano wa kemia. Jibu limetoka potasiamu 8.1, iko juu mno, kalsiamu iko chini vibaya, ALP (kimeng'enya cha ini na mifupa) nayo imeanguka, na mgonjwa mwenyewe kaja kwa miguu yake yuko OPD, kliniki ya wagonjwa wa nje, anachati. Kontroli za asubuhi (sampo za kuhakiki mashine) zimepita zote, kijana anataka kutuma. Mwandamizi anayejua kazi anashtukia tyubu ya zambarau papo hapo, kwa sababu ile ina EDTA ya potasiamu, kemikali ya kuzuia damu isigande, mtu akimiminia damu yake kwenye tyubu nyekundu ya kemia potasiamu inapaa na EDTA inaikamata kalsiamu. Ingekuwa damu imehemolaizi tu, yaani seli nyekundu zimepasuka, kalsiamu isingeshuka hivyo. Anakataa sampo, anapiga simu OPD, anaomba nyingine, anaandika kwenye rejista. Jibu lile likipita, daktari anaweza kuanza kushusha potasiamu ambayo haijapanda, na hiyo inaua.

Wakaguzi wa SLIPTA, ule mpango wa WHO Afrika wa kuzipa maabara nyota za ubora (ya kwanza unaipata kuanzia asilimia 55, ya tano 95), wakija wanaomba mafaili ya watumishi. Vyeti utavikuta, leseni ipo, ila fomu za umahiri jamani, maabara nzima imesainiwa siku moja kwa kalamu moja!

Mimi ningekuwa na sauti, kabla ya barua ya Uandamizi mtu awekewe chati ya Levey-Jennings, ile ya kufuatilia kontroli siku hadi siku, yenye kontroli mbili mfululizo zimevuka 2SD (mpaka wa tahadhari) upande uleule, yaani dalili kwamba kipimo kimehama, aulizwe anafanyaje. Akisema anarudia kontroli mpaka ipite, abaki daraja la I kwanza.