Msimamo wa kati kwenye uhamiaji sio kugawa namba nusu kwa nusu

Mi kazi yangu ni kuchambua sera za uhamiaji, na kinachonichosha ni mtu kudhani kupatanisha maana yake huyu anataka waingie laki moja, yule hataki hata mmoja, basi tuandike elfu hamsini tukalale. Hapo hujapatanisha mtu, umewaudhi wote kwa mpigo.

Kwanza tunabishania mambo tofauti kwa jina moja. Anayekimbia mateso analindwa na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unaokataza kumrudisha kwenye hatari, na hilo halihusiani kabisa na kibali cha kazi cha injinia, wala na yule ambaye viza iliisha zamani akabaki, akaoa, akazaa hukohuko. Yatenganishe uone, kelele zinapungua zenyewe.

Ila kinachokwamisha hasa, kwa mtazamo wangu, ni kuaminiana. Angalia Marekani. Mwaka 1986 Rais Reagan alisaini sheria yenye makubaliano mawili, walioko ndani bila vibali wahalalishwe, na mwajiri atakayeajiri wasio na vibali aadhibiwe. La kwanza lilifanyika, watu kama milioni 2.7 wakapata makaratasi. La pili likalegalega, kwa sababu mwajiri alitakiwa tu kuangalia kama nyaraka zinaonekana halali, na nyaraka feki zikatapakaa, matokeo yake miaka iliyofuata idadi ya wasio na vibali ikapanda tena hadi kupita milioni 10. Tangu hapo upande mmoja unasema mlishatupiga, baneni kwanza mpaka wa nchi ndo tuongee, na upande wa pili unasema mkishabana hamtarudi mezani. Wote wana hoja aisee! Mwaka 2013 Seneti ilipitisha muswada mwingine wenye makubaliano kama hayo kwa kura 68 kwa 32, Bunge la Wawakilishi halikuupigia kura hata.

Kwahiyo swali langu huwa ni nani anatoa kwanza, na atajuaje mwenzake hatamkimbia? Mi napendelea kufunga vyote viwili, udhibiti na vibali, kwenye sheria moja, hatua ya ukaguzi ikikamilika kundi moja la vibali linafunguka, afu inayofuata, na kipimo kiwe kinachofikika. Ukiandika "mpaka usipitwe na mtu yeyote" ujue umeandika hapana kwa maneno marefu.

Pa kuanzia pengine ni kasi ya kuamua maombi ya hifadhi. Kesi ikikaa miaka, mwenye haki anaishi roho juu na asiye na haki anaota mizizi, afu kumwondoa inakuwa ukatili ambao hata jirani yake mwenye msimamo mkali ataupinga. Kinachotakiwa ni maafisa wa kusikiliza kesi, wakalimani, na wanasheria mapema kabisa, sio kwenye rufaa. Ni bajeti ya kuchosha, haina mwanasiasa wa kuipigia kampeni, lakini sijaona upande unaopoteza kitu hapo.