Vocha za shule na ile elfu kumi ya Serikali: tunayoyakosea

Kwenye kikao cha kamati ya shule yetu, wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, mzazi mmoja alisimama akasema Marekani mzazi anapewa vocha, yaani fedha ya Serikali ya kumlipia mtoto shule, na kuchagua shule anayoitaka. Tangu siku hiyo habari ni vocha tu, mpaka kilabuni. Nayajibu hapa ninayoyasikia, moja moja.

"Watupe ile ruzuku kwa vocha, mtoto nimpeleke shule binafsi."

Ruzuku ya uendeshaji, kwa mpango ulioanza na elimu bila ada Januari 2016, ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi. Kwa mwaka, jamani, si kwa mwezi. Humo 4,000 ni za vitabu, kwa hiyo inayoingia kwenye akaunti ya shule ni 6,000. Shule ya watoto 800 inapata 4,800,000 kwa mwaka, sawa na 400,000 kwa mwezi. Nimewahi kukaa na mwalimu mkuu akizigawa kwenye daftari lake: chaki, rimu za karatasi za mitihani, bawaba za mlango wa choo, mpira mmoja. Alipofika kwenye bati la darasa la nne lililong'olewa na upepo, akafunga daftari.

Sasa chukua elfu sita yako uende nayo shule ya mchepuo wa Kiingereza pale mjini. Soksi utapata.

Gharama kubwa ni mshahara wa mwalimu, na huo unalipwa na Hazina, haupiti shuleni. Vocha ya maana ingebidi iubebe na huo. Hapo ndipo penye mgogoro: watoto kumi wakihama darasa la watoto 80, mwalimu ni yuleyule na paa linavuja vilevile, ila fedha imepungua.

"Kila mzazi atakuwa na uchaguzi."

Dodoma mjini, labda. Alfajiri mabasi ya njano ya shule yanapishana mitaani. Lakini nenda vijiji vya Bahi au Chemba, ambako shule ni moja na ya pili mtoto haifiki kwa miguu. Vocha ya simu nayo haikufai kitu pasipo mtandao.

Hata penye shule nyingi, swali ni nani anamchagua nani. Chile, Amerika Kusini, walianza vocha mwaka 1981. Shule binafsi zilizopokea fedha ya umma zikawa zinachuja watoto, na baadaye nyingi zikatoza wazazi nyongeza. Sheria ya mwaka 2015 ndiyo iliyoanza kuyaondoa hayo.

"Wenye vocha hufaulu zaidi."

Matokeo yanatofautiana. Huko Marekani, mji wa Milwaukee wanazo tangu 1990 na ubishi haujaisha. Jimbo la Louisiana, watoto waliopata vocha kwa bahati nasibu walishuka vibaya kwenye hesabu.

"Kwetu hakuna kitu cha namna hiyo."

Kipo, chuoni. Mkopo wa HESLB, bodi ya Serikali ya mikopo ya elimu ya juu, unamfuata mwanafunzi akiwa UDOM, chuo kikuu cha umma, au akiwa St John's, chuo binafsi, na vyote viko hapahapa Dodoma. Tofauti ni kwamba utaurudisha. Na wakulima wetu vocha za pembejeo hawajazisahau. Wapo waliosaini na mbolea wasiione.

"Elimu ni bure, anayeomba mahindi anatuibia."

Hili ndilo linaloniumiza. Kilichofutwa ni ada na michango ya lazima. Sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa vilibaki kwa mzazi. Waraka wa elimu wa Serikali unasema hivyo. Kuchangia ni hiari, na mtoto hafukuzwi kwa sababu mzazi wake hajatoa.

Sisi tunakubaliana debe moja kwa kaya baada ya mavuno, mahindi au mtama, kwa uji wa watoto shuleni. Mvua ikiwa haba wanaleta wachache, na stoo inaisha Januari. Mwezi wa pili uji hakuna, darasa la pili linabaki nusu, na hakuna hata mmoja aliyehama shule.