Sambaza mdogo si lazima awe mtoto

Hizi ni dhana nne potofu kuhusu jinsi viumbe wanavyozaa, na ukweli wake.

Dhana: sambaza, wale visamaki wa Ziwa Kivu, wakiuzwa wadogo Bukavu ni watoto, na anayewala anamaliza samaki wa ziwa.

Siku moja pale soko la Kadutu nilimuuliza mama muuzaji kama anatuuzia samaki watoto. Hakujibu. Alichagua mmoja asiyezidi urefu wa kidole changu cha shahada, akampasua tumbo kwa ukucha. Ndani mlijaa mayai, madogo kama chenga za unga wa mahindi. "Angalia, papa. Huyu iko mama."

Ukweli ni kwamba sambaza haishi miaka mingi. Aliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kule kwao anaweza kufika hadi sentimita 17, yaani uwezo wa kukua anao. Chakula anachopata kina kiasi chake, na kinachoingia kwenye mayai hakijengi tena mwili. Sasa, samaki ambaye huenda mwakani hayupo, akingoja anenepe kwanza, atakufa bila kuacha mtoto. Ndiyo sababu anazaa mapema, angali mdogo. Watoto wenyewe hukaa karibu na ufuko, na huko ndiko wanakozolewa kwa vyandarua vya mbu. Lawama iende huko, isiende kwa mama wa Kadutu.

Dhana: mgomba unaokauka baada ya kuzaa umeugua. Magonjwa ya migomba yapo, tena mabaya, lakini kila shina huzaa mkungu mmoja tu, kisha hufa. Nguvu zake zote zimeishia kwenye mkungu huo, na machipukizi ya pembeni yanashika nafasi.

Dhana: kila aina ya kiumbe ina ratiba yake ya kuzaa, nayo haibadiliki. Mwaka 1976, kisiwani Trinidad, mwanabiolojia John Endler alihamisha visamaki vinavyoitwa guppy kutoka sehemu ya mto yenye samaki wakali wanaovila, akavipeleka mahali ambapo wakali hao hawapo. Baada ya miaka 11, vitukuu vyake vilikuwa vikikomaa kwa kuchelewa, vikiwa na miili mikubwa zaidi, na vikizaa watoto wachache ila wakubwa. Hata vilipolelewa maabara, tofauti hiyo ilibaki: ilikuwa imeingia katika damu.

Dhana inayoniuma zaidi ni hii: sokwe wakubwa (gorila) wa hifadhi ya Kahuzi-Biega wakiuawa, "watazaliana tu". Panya hubeba mimba wiki 3 hivi, akazaa wengi, na wengi wao wakafa. Sokwe hubeba miezi 8 na nusu, akanyonyesha miaka 3 au zaidi, akapata mtoto mmoja kila baada ya miaka 4 hivi. Mwendo huo ulifaa katika msitu ambamo sokwe mzima hakufa ovyo. Bunduki na mitego imevuruga hesabu yote. Jike mmoja akiuawa leo, hata kichanga chake cha kike kikinusurika, kitangoja miaka 10 hivi kabla ya kuzaa mara ya kwanza.