"Mashirika ya ndege yalipewa pesa za bure": hapana, someni masharti

Kazi yangu ni kuandaa maombi ya mikopo ya kampuni ndogo za ndege na zile zinazohudumia mizigo viwanjani. Tangu 2020 haupiti mwezi sijakutana na mteja anayeanza kwa maneno yale yale: "Wenzetu Marekani walipewa bure wakati wa korona, na sisi tuombe bure." Juzi kaja mwingine, mmiliki wa ndege mbili za kukodisha, na barua ya kuiomba serikali imlipie deni lake la benki. Hoja yote imesimama juu ya maneno hayo. Nimemrudishia barua yake, na maelezo niliyompa nayaandika hapa, maana nimechoka kuyarudia.

Linalotupoteza ni neno "msaada". Mei 2020 IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kilijumlisha ahadi za serikali mbalimbali kikapata dola bilioni 123. Namba hiyo ikaenea kila mahali, lakini wachache walisoma mstari uliofuata: bilioni 67 kati ya hizo zilikuwa za kurudishwa. Ni mikopo, dhamana za mikopo, na kodi zilizosogezwa mbele. Zaidi ya nusu ya "msaada" ilikuwa madeni mapya kwa mashirika ambayo tayari yalikuwa na madeni.

Sasa hiyo Marekani. Sheria ya CARES, ya kuokoa uchumi wakati wa korona, iliyotiwa saini 27 Machi 2020, ilitenga mafungu mawili kwa mashirika ya abiria: dola bilioni 25 za mishahara na bilioni 25 nyingine za mikopo. Wateja wangu huyachanganya kila mara. Fungu la mikopo lilikuwa na riba na lilidai rehani. Delta na Southwest, mashirika makubwa ya huko, ziliyapima masharti yake zikaamua kutokopa.

Linaloitwa "bure" ni fungu la mishahara. Kiasi ambacho shirika liliweza kupata kilipimwa kwa mishahara na marupurupu liliyolipa kati ya Aprili na Septemba 2019. Hasara haikuhesabiwa, wala idadi ya ndege. Fedha zikitoka, zilikuwa za kulipa mishahara na marupurupu ya wafanyakazi tu. Shirika likakatazwa kumpunguza mtu kazini bila hiari yake, au kukata kiwango cha mshahara wake, hadi 30 Septemba 2020. Likakatazwa kuwagawia wenye hisa faida (gawio) na kununua hisa zake lenyewe sokoni hadi 30 Septemba 2021, na awamu zilizofuata zikasogeza katazo hilo hadi Septemba 2022. Malipo ya wakubwa yakawekewa kikomo. Kisha linakuja sharti ambalo hakuna mteja aliyewahi kunitajia: kwa waliopata zaidi ya dola milioni 100, asilimia 30 ya kilichozidi hapo ilikuwa deni la miaka 10. American Airlines ilitengewa bilioni 5.8 katika awamu ya kwanza, na kati ya hizo bilioni 1.7 zilikuwa mkopo. Juu ya mkopo huo Hazina ilichukua haki ya kununua hisa kwa bei iliyofungwa mapema, ili hisa zikipanda na mlipakodi apate chake.

Ukitaka kujua fedha hizo zilimfuata nani, tazama kalenda. Ulinzi wa mishahara uliisha 30 Septemba 2020. Kesho yake American na United zikasimamisha kazi watu wapatao 32,000. Desemba Bunge likapitisha bilioni 15 nyingine, na watu wakaitwa kazini. Kama pesa zingekuwa zinaishia mfukoni mwa wenye hisa, tarehe hiyo isingemgusa mhudumu wa ndege hata mmoja.

Sisemi mpango haukuwa na kasoro. Sheria ilizuia kufukuza watu lakini haikuzuia kuwashawishi waondoke kwa hiari. Marubani wengi wenye umri mkubwa walilipwa wakastaafu mapema. Abiria waliporudi kwa wingi mwaka 2021 na 2022, marubani hawakutosha na safari zikafutwa. Mlipakodi alikuwa amelipa ili wafanyakazi wawepo siku hiyo. Hilo ndilo lalamiko la haki, na ningefurahi kulisikia badala ya wimbo wa "bure".

Kwa hiyo kila mteja namwambia jambo moja: kabla ya kutaja msaada wa nchi yoyote, sema kama ni ruzuku, mkopo, dhamana au hisa. Ukishindwa kusema, hoja hiyo usiipeleke benki.

Yako na maneno mengine ninayoyasikia kila mara; haya hapa na majibu yangu.

"Ujerumani ilitupa pesa za wananchi kwa Lufthansa, shirika lao la ndege." Haikuzitupa. Mpango wa Juni 2020 ulikuwa wa euro bilioni 9, na ndani yake serikali ilichukua asilimia 20 ya hisa kwa euro milioni 300. Sehemu kubwa ya fedha zilizobaki iliwekewa riba iliyoanzia asilimia 4 na kupanda mwaka hadi mwaka kufikia 9.5 mwaka 2027. Riba ya namna hiyo inamhimiza mdaiwa alipe mapema, na Lufthansa ilimaliza kulipa Novemba 2021. Serikali iliuza hisa zake za mwisho Septemba 2022 ikiwa na faida ya euro milioni 760. Wateja wangu wanaotaka mkopo wa riba nafuu milele wangeutazama mpangilio huu vizuri.

"Ndege ikilala haina gharama." Anayesema hivi hajawahi kulipa ankara ya kukodi ndege. Kodi ya mwezi inadaiwa, bima inadaiwa, injini zinahitaji kutunzwa, na rubani asipopaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 haruhusiwi kubeba abiria mpaka afanyiwe mazoezi. Kenya ilisimamisha safari kwa sababu ya korona, ikarudisha za ndani 15 Julai 2020 na za kimataifa 1 Agosti, na mwaka huo Kenya Airways ilipata hasara ya shilingi bilioni 36.2.

"Korona ndiyo iliyoiangusha South African Airways." Iliwekwa chini ya wasimamizi wa uokoaji Desemba 2019, kabla virusi havijafika Afrika.

"Bila msaada wa serikali hakuna aliyepona." Ethiopian Airlines iling'oa viti kwenye ndege za abiria zipatazo 25, ikabeba mizigo.

"Kwa kuwa walipewa mabilioni, wanirudishie nauli yangu." Nauli ya safari iliyofutwa na shirika ilikuwa haki yako hata kama shirika halikupewa senti. Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilitoa onyo hilo 3 Aprili 2020, na sheria ya Ulaya inalipa shirika siku saba za kukurudishia. Kosa la wengi lilikuwa kukubali haraka vocha ya safari ya baadaye badala ya fedha.

Yule mwenye ndege mbili nimempa wiki mbili aniletee orodha ya mishahara ya miezi sita, ratiba ya marejesho ya benki, na tarehe ambayo fedha zake taslimu zitakwisha. Akizileta tutaandika barua nyingine, ya kuomba kuongezewa muda wa kulipa.